Kamera ya marehemu baba imeota ukungu, niianike juani?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Marehemu baba aliniachia Zenit-E yake yenye lenzi ya Helios-44-2. Ndiyo kamera yangu ya kwanza; nilijifunzia kupiga picha pale Fort Jesus, baba akinikaripia nisimalize mkanda wake. Juzi nimeitoa kabatini, nikaona ndani ya lenzi nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Mshale wa kupima mwanga nao umekufa, na sioni pa kutia betri. Jirani asema niianike juani. Je, itapona? – Msomaji, Kibokoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mola amrehemu mzee.

Usiianike. Jua letu huyeyusha grisi ya ndani, ikatiririka hadi kwenye vile visahani vya tundu la lenzi (vinavyofungua na kufunga njia ya mwanga) vikagandana. Na hata ukungu ukifa, alama zake hubaki.

Kwanza pima ugonjwa. Fungua lenzi kwa kuizungusha, weka tundu kwenye 2, ndiyo wazi kabisa, kisha mulika tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi zikiwa pembeni tu, picha hazitaonyesha kitu. Zikifika katikati, picha za kuelekea mwanga zitatoka zimefifia. Hapo mpe fundi aifungue na kuisafisha mapema, maana ukungu hutoa asidi inayokula utando uliopakwa juu ya kioo, na kioo kikishaliwa hakuna dawa. Ikifika huko, tafuta Helios nyingine. Warusi walizitengeneza kwa mamilioni.

Mchawi wako nadhani ni ule mfuko wa ngozi unaovalishwa kamera hizi. Sote twaupenda kwa harufu yake, lakini ngozi hunywa unyevu, na Mombasa wakati wa masika hata nguo kabatini huota ukungu. Utundike ukutani uwe pambo. Kamera itie kwenye kasha la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na chembe za silika, zile za kunyonya unyevu. Nunua zile zinazobadilika rangi zikijaa maji, uzikaushe na kuzitumia tena. Vipakiti vya boksi la viatu mara nyingi vimeshashiba zamani.

Betri usitafute, haina. Kipimo chake ni cha seleniamu, chatoa umeme chenyewe kikipata mwanga, na seleniamu huzeeka. Mimi sikiamini hata kikiwa kizima. Tia mkanda wa ISO 200, tundu 16, kasi 250 (yaani 1/250 ya sekunde): hiyo ni ya jua kali la mchana. Ufukweni penye mchanga mweupe panda hadi kasi 500. Kukiwa na mawingu mepesi, fungua tundu hadi 11, maana namba ikipungua tundu hupanuka. Kivulini, kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, fungua hadi 4.

Mkanda wa kwanza piga vitu vya kawaida tu, mchana. Picha zikitoka na mistari au madoa meupe yanayojirudia pahali pamoja, pazia la kitambaa linaloziba mkanda usipate mwanga limetoboka. Niletee kamera yote, si lenzi peke yake.