Kabla Hujaandika Wasifu wa Babu

Siku mbili kabla hatujamsafirisha babu ushago kumzika, tulikuwa watano tumezunguka kompyuta moja Kaloleni, Nairobi, na mchapishaji wa River Road anapiga simu kila baada ya dakika kumi akitaka wasifu. Tukaandika: "Alishiriki Vita Vikuu vya Pili vya Dunia." Tukaweka nukta, tukahamia orodha ya wajukuu.

Matangani mzee mmoja mwenye fimbo alikisoma kile kijitabu, akakikunja, akaniuliza, "Na mguu je, mbona hamkuuandika?" Mguu gani? Babu alikuwa na kovu kwenye ugoko. Sisi tulijua ni la baiskeli.

Kama una babu aliyevaa sare, iwe ya Keya (King's African Rifles, jeshi la wakati wa mkoloni) au ya jeshi la baada ya Uhuru, nenda ukakae naye mwezi huu. Lakini usimwulize habari za vita. Mimi nilimwuliza babu, nikiwa kidato cha pili, aliua watu wangapi. Alinyamaza, akaomba chai. Muulize viatu vilikuwaje, walikula nini, nani alikuwa akiwaandikia barua. Kwangu mlango ulikuwa mvua. Kila Aprili Jogoo Road ikigeuka mto, angecheka: "Hii nayo ni mvua?" Kisha angeanza Burma yake: matope, malaria, magari yaliyozama hadi kwenye milango.

Baadaye, babu akiwa keshazikwa, nilisoma kwamba mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililishuka bonde la Kabaw mvua za huko zikiwa zimepamba moto, ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Laiti ningalikuwa na majina hayo mapema! Mzee ukimwambia "Burma" atakujibu "ndiyo, Burma." Ukimtajia Kalewa, huenda akaweka kikombe chini. Kwa hiyo soma kwanza, hata kurasa chache, ndipo uende.

Pia mtoe nyumbani. Jumapili moja nilimpeleka Kenyatta Avenue kwenye sanamu ya askari wawili na mpagazi. Nilidhani atajivuna. Akasema, "Hawa si sisi, hawa ni wa vita vya kwanza," kisha akasimama muda mrefu mbele ya yule mpagazi, asiye na bunduki. Maandishi ya pale huwaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Babu akaniambia baba yake alikuwa mmoja wao, wale wa Kariokor, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Hilo hakuna aliyelijua nyumbani, hata mama.

Na makaratasi, jamani. Medali yake iligombaniwa na wajomba wawili mpaka chifu akaitwa. Cheti cha kuachishwa jeshi, chenye namba yake, hakikugombaniwa na mtu. Nilikikuta chini ya sanduku panya wamekianza pembeni. Kipige picha leo. Picha za zamani nazo, andika majina nyuma kwa penseli akiwepo wa kukutajia.

Sauti yake ninayo moja tu, kwenye simu iliyovunjika kioo. Ina dakika nne, na nusu nzima anabishana na muuza mayai juu ya chenji ya shilingi kumi. Mama huniomba nimchezee hiyo nusu.