Testi zimepita, sawa, ila ndani kulikuwa kunaendelea nini?

Wadau wa Dodoma, kuna kitu nakiona kila nikikaa na vijana waliotoka chuo cha UDOM, mtu anarani testi za programu yake, zote kijani (zimepita), anafunga laptop. Muulize programu ilikula memori kiasi gani au ilikuwa inasubiri nini, hajui, na kusema kweli hakuna aliyewahi kumwambia aangalie.

Mi nakushauri kabla hujashusha tuli (tool) yoyote ya kuchungulia programu ikikimbia ujue kwanza unatafuta nini, maana kila moja inaona upande wake tu. Sisi tulikuwa na mfumo wa Python wa kurekodi mizani ya mahindi kule Kibaigwa, ukisevu mzigo mmoja unazunguka weee mpaka mkulima ananuna. Tukawasha py-spy, profaila ya Python (inaonyesha kodi ipi inakula muda), hii naipenda coz unaiunganisha na programu inayokimbia bila kugusa mstari hata mmoja (ikigoma tumia sudo), ila ikaonyesha prosesa imetulia tuli, haina kazi. Ndo tukaenda kwenye strace -f -T, yenyewe inaandika kila ombi ambalo programu inapeleka kwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) na muda uliotumika, kumbe mfumo unajiunganisha na seva ya SMS na kusubiri jibu ndo usevu!! Tungeng'ang'ania profaila tungekuwa tunapunguza lupu ambazo hazina kosa lolote.

Kwa C na C++ kuna Valgrind, inakamata vizuri sana memori inayovuja (programu inaichukua na hairudishi), lakini programu inakuwa nzito mara 10 mpaka 30 hivi, so usithubutu kupima spidi humohumo. AddressSanitizer nayo inakamata makosa ya memori na ni nyepesi zaidi, inachelewesha kama mara 2, ila lazima ukompaili programu upya. Hata strace inasimamisha programu kila ombi, kwahiyo pima kitu kimoja kimoja jamani.

Halafu hizi sifa za kaveraji (kiasi cha kodi kilichopitiwa na testi) asilimia 90 mi zinanichosha. Inakwambia mstari ulipitiwa, basi, haisemi kama jibu lilikaguliwa, testi isiyo na assert (mstari wa kukagua jibu) hata moja inaweza kukupa 100. Kwenye coverage.py, tuli ya kupima kaveraji ya Python, weka --branch uone zile if zilizopitiwa upande mmoja, na upande uliosahaulika mara nyingi ni ule wa mtandao umekata.

Wa Android, LeakCanary (inakamata memori inayovuja kwenye app) iwekeni kwenye toleo la debug tu, lile la watengenezaji, na mtesti kwenye simu ya RAM 2GB kama za wateja wenu, sio hiyo yako ya laki nane.