Nani Anilipe? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Fidia

Nilipanda bodaboda Tabata kwenda Buguruni. Dereva alikwepa foleni kwa kupita upande usio wake, akagonga bajaji, nikavunjika mguu. Yeye anasema hana kitu. Mwenye pikipiki anasema hanijui. Nimdai nani? — Msomaji, Tabata

Anza na bima, achana kwanza na mfuko wa dereva. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha barabarani kiwe angalau na bima ya mtu wa tatu, ile inayolipa madhara kwa watu wengine. Ingiza namba ya usajili kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima. Utaona kampuni, tarehe za kuanza na kuisha, na aina ya bima. Hiyo aina itazame vizuri. Pikipiki ikikatiwa bima ya matumizi binafsi halafu ikabeba abiria wa kulipa, kampuni itapata pa kubishania. Piga picha ya ukurasa huo leo, siyo mwezi ujao.

Mwenye pikipiki kutokukujua hakuna uzito. Kinachouliziwa ni kama dereva alikuwa kwenye kazi ya huyo mwenye pikipiki. Anayepeleka hesabu kila jioni anafanya kazi ya mwenye chombo, na uzembe wake unamfuata bosi. Wa "mkataba", anayelipa kidogo kidogo hadi pikipiki iwe yake, ni mgumu zaidi: mwenye chombo atadai alishauza. Na jina kwenye kadi ya pikipiki huenda ni la mtu mwingine kabisa, aliyeuza zamani bila kubadilisha umiliki. Kwa hiyo kabla hamjakosana na dereva, muulize hesabu anampelekea nani na kwa namba gani ya simu. Meseji za miamala zitasema kitu ambacho kadi haisemi.

Sasa karatasi. Fomu ya PF3, ile unayopewa polisi kwa ajili ya matibabu, ijazwe na daktari, ubaki na nakala. Omba polisi ramani ya tukio na ripoti ya ukaguzi wa pikipiki. Kisha risiti, na hapa ndipo wengi wanapoteza hela zao. Gharama halisi ulizotoa zinaitwa hasara mahususi, na Mahakama ya Rufani katika kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe (1992) ilisema lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe. Bajaji ya kwenda kliniki kila wiki bila hata kipande cha karatasi hailipwi, hata hakimu akikuonea huruma. Maumivu na usumbufu ni fungu jingine, fidia ya jumla, ambayo mahakama huipima yenyewe. Kuandika milioni mia mbili hakuiongezi.

Wakikwambia hukuvaa kofia, jibu ni fupi: kofia hailindi mguu. Uzembe wa abiria hupunguza fidia pale tu ulipochangia jeraha lenyewe.

Una miaka 3 tangu siku ya ajali. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi muda huo, na kesi ya trafiki ikimtia dereva hatiani, faini inakwenda serikalini, haiji kwako. Ukiamua kushtaki, kampuni ipe taarifa ya maandishi mapema, maana sheria inaifanya taarifa hiyo kuwa sharti la kuibana ilipe hukumu. Dai hili halifunguliwi Mahakama ya Mwanzo. Nenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Na hati ya madai inaruhusiwa kuwa ya Kiswahili, usikubali kutozwa "gharama ya Kiingereza".

Kijana mwenye wafuasi wengi TikTok amenirekodi dukani nikibishana na mteja, akaandika "tapeli wa simu feki". Wateja wamepungua. — Mfanyabiashara, Kariakoo

Swali la kwanza unajibu mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa: je, ni kweli? Ukweli ni kinga dhidi ya dai la kashfa, na mahakamani utaulizwa simu zako unazitoa wapi.

Kama ni uongo, usimjibu kwa video yako. Rekodi skrini ukionesha akaunti, kiungo, tarehe, idadi ya waliotazama na maoni. Hifadhi kwenye simu hiyohiyo. Usijitumie WhatsApp kama video ya kawaida, maana faili hubanwa na taarifa zake za asili hupotea, wakati Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie ushahidi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Tafuta watu wawili walioiona na kukutambua. Ukikashifiwa peke yako pasipo mtu wa tatu kusikia, hakuna kesi.

Halafu barua ya madai: maneno yake neno kwa neno, kiungo, na unachotaka, yaani afute, aombe radhi kwenye akaunti ileile, alipe. Siku 14 zinatosha. Sura yako nayo ni taarifa binafsi. Chini ya sheria ya mwaka 2022 unaweza pia kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tangu ghorofa la Kariakoo lianguke Novemba 2024 hatulali. Jirani anachimba msingi wa ghorofa, ukuta wetu umepasuka. Tusubiri ubomoke? — Familia, Magomeni

Msisubiri. Anayechimba hana haki ya kuondoa egemeo la ardhi ya jirani, yaani udongo unaoishikilia. Bandikeni kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji, muandike tarehe. Kikikatika, ukuta unatembea, na hiyo picha ni shahidi asiyechoka. Nakilini bango la ujenzi: mkandarasi, mhandisi, namba ya kibali. Barua iende kwa mwenye kiwanja, halmashauri, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Zuio la muda mahakamani, yaani amri ya kusimamisha uchimbaji kwanza, linapimwa kwa vigezo vitatu vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe (1969): kuna hoja nzito ya kuamuliwa, kuna hasara ambayo pesa haitaifidia, na ninyi mtaumia zaidi zuio likikosekana kuliko yeye likitolewa. Ripoti ya mhandisi wenu binafsi ndiyo inayobeba vigezo hivyo.

Nimetumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko. Nimshtaki nani? — Msomaji, Mbagala

Kwanza mjue mwenye mtaro: TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa za mitaa, na chemba ya majitaka ina mwenyewe. Wote ni serikali, hivyo mpelekee notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huo unazihusu hata halmashauri, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Ukiruka notisi, kesi inatupwa kabla mguu wako haujatajwa. Kapige picha leo, ukiweka futikamba pembeni ya shimo, kabla hawajaliziba.