Nichague Ndege Gani ya Kwanza ya Rimoti?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeweka akiba ili ninunue ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Ninaitamani sana ile inayofanana na ndege ya kivita, yenye mabawa ya chini, ingawa sijawahi kurusha yoyote. Je, nitaimudu? Na uwanja ulio karibu nasi hapa Embakasi unafaa? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Ndege hiyo ya kivita iache kwa sasa, kwa maana huenda kasi na, ikishalala upande, haijiinui yenyewe. Tafuta ndege ya mafunzo yenye bawa la juu ambalo ncha zake zimeinuka kidogo, kwa kuwa umbo hilo huirudisha ndege kwenye usawa pindi unapoviachilia vijiti vya rimoti. Iwe ya sponji gumu, ambayo ikivunjika huungwa kwa gundi, na upana wa mabawa uwe kati ya mita 1.2 na 1.5, kwani iliyo ndogo mno huyumbishwa na upepo na hupotea machoni upesi.

Uzito nao uuangalie sana. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kwa hiyo bawa hubeba kidogo, propela huvuta kidogo, na ndege ambayo pwani ingepaa taratibu, hapa hulazimika kukimbia zaidi ndipo ipae. Kati ya ndege mbili zenye ukubwa sawa, chukua iliyo nyepesi.

Fedha nyingi ziweke kwenye rimoti ya masafa ya gigahezi 2.4 yenye chaneli sita, yaani njia sita za kuongoza sehemu mbalimbali za ndege, kwani utaitumia hata kwa ndege zitakazofuata, na kwenye chaja inayosawazisha seli za betri. Betri ya lithiamu ya seli tatu ina volti 11.1; kila seli isizidi volti 4.2 inapochajiwa, na ukiihifadhi iwe karibu 3.8. Nakusihi, usilale wala usitoke nyumbani ikiwa inachajiwa, maana betri hizi hushika moto.

Kuhusu Embakasi, hapana. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko hapo hapo, na ndege zenye abiria hushuka chini sana. Nenda mbali na uwanja huo, na uwanja wa ndege wa Wilson na kambi ya ndege za jeshi ya Eastleigh pia, ukiwa umekwisha kuuliza masharti kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Rusha asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Kabla ya siku hiyo, jizoeze kwa programu ya kompyuta inayoigiza urushaji. Ndege inapokuelekea, kulia na kushoto hugeuka machoni pako, na hapo ndipo wanaoanza wengi huangusha ndege. Zoezi hilo lirudie mpaka mkono usisite tena.