Kwa Anayekabidhiwa Elektrodi ya Oksijeni kwa Mara ya Kwanza

Vifaa vingi utakavyokutana navyo kwenye maabara ya fiziolojia ya mimea vimetengenezwa na kampuni ndogo, na baadhi ya kampuni hizo zilikua karibu na mwanasayansi aliyehitaji kifaa ambacho hakikuwepo sokoni. Mfano mzuri ni Hansatech ya Norfolk, Uingereza. Elektrodi yake ya oksijeni, yaani kifaa cha kupima oksijeni iliyomo kwenye maji, inatokana na kazi ya Tom Delieu na David Walker wa Chuo Kikuu cha Sheffield, walioieleza mwaka 1972 wakitafuta njia bora ya kupima oksijeni inayotolewa na kloroplasti, zile chembe za kijani za jani zinazofanya usanisinuru. Ndiyo maana kifaa chenyewe kinafunguka chote na hakifichi kitu. Kwa upande mwingine, hakitakulinda dhidi ya uzembe wako.

Kifungue basi. Katikati kuna platini, kuizunguka kuna duara la fedha, juu yake matone ya myeyusho wa potasiamu kloraidi, halafu kipande cha karatasi ya sigara, halafu utando mwembamba. Naam, karatasi ya sigara, ile ile ya kusokotea tumbaku. Kazi yake ni kuufanya myeyusho uenee sawasawa chini ya utando. Ikate bila ule ukingo wenye gundi. Oksijeni hupenya utando, hufika kwenye platini na kutumika pale, na mkondo mdogo wa umeme unaozaliwa ndio unaosomwa na mashine.

Ukishaelewa njia hiyo, hitilafu nyingi utazitambua mwenyewe. Namba zinazocheza bila mpangilio: tazama kama kuna kiputo cha hewa chini ya utando, au utando umekunjamana. Namba zinazoshuka polepole siku nzima: huenda myeyusho unakauka. Na kwa kuwa elektrodi yenyewe hula oksijeni, kuna jaribio rahisi ambalo wageni wengi hawalijui. Ukiwa na maji tu ndani ya chemba, kile kikombe kidogo kilicho juu ya elektrodi, zima kikorogeo kinachoyazungusha maji hayo. Usomaji unapaswa kushuka, kisha urudi pale pale ukikiwasha tena. Usiporudi, usianze kazi, badilisha utando. Wanafunzi huuonea huruma utando kana kwamba ni wa dhahabu, ilhali siku nzima ya kloroplasti iliyoharibika inagharimu zaidi.

Sasa jambo ambalo mwongozo uliochapishwa Ulaya hautalisisitiza kwa ajili yako. Kabla ya kupima, unaiambia mashine maji yaliyojaa hewa yana oksijeni kiasi gani. Usawa wa bahari, kwenye nyuzi 25, ni takriban mikromoli 258 kwa lita. Kiasi hicho hutegemea joto na mgandamizo wa hewa. Dar es Salaam au Mombasa, sawa. Lakini Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji yale yale hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano, kama mikromoli 210. Ukiacha thamani ya usawa wa bahari ndani ya programu, viwango vyako vyote vya usanisinuru vitakuwa juu kwa karibu robo. Grafu itapendeza, marudio yatakubaliana, na kila namba itakuwa ya uongo.

Kuna mtego ndani ya mtego. Mtu akiambiwa aweke mgandamizo wa mahali alipo, hufungua hali ya hewa kwenye simu, anakuta hektopaskali 1,015, anaandika. Namba hiyo imeshasahihishwa iwe kana kwamba Nairobi iko ufukweni. Watabiri hufanya hivyo ili miji ilinganishike. Unachohitaji ni mgandamizo halisi wa chumba ulichomo, ambao kwa mwinuko huo ni kama hektopaskali 825. Tumia barometa, au simu yenye kihisi chake cha mgandamizo, na uiandike namba hiyo kwenye daftari kila siku ya kazi. Mtahini makini ataiulizia, na atakuwa na haki.

Fluoresensi ya klorofili, yaani mwanga hafifu ambao jani hurudisha likimulikwa, nitaipitia haraka kwa sababu vifaa vyake ni vyepesi kutumia, na wepesi huo ndio hatari. Jani lenye afya, likikaa gizani dakika 20 hadi 30, hutoa uwiano wa Fv/Fm, kipimo cha uwezo wa jani kuutumia mwanga, karibu na 0.83. Ukipata 0.70 saa saba mchana usikimbilie kuandika ukame au ugonjwa. Jani lililochomwa na jua kali hushuka hivyo hata likiwa limenyweshwa vizuri. Pima alfajiri pia, ulinganishe. Na nunua klipu za giza nyingi, vile vibanio vinavyoziba mwanga usifike kwenye jani, kwani klipu chache ndizo zinazowafanya watu wapunguze zile dakika.

Nimalizie na kampuni yenyewe. Uzuri wa kampuni ndogo ni kwamba barua pepe yako inaweza kusomwa na mtu anayeijua ile mashine kwa mikono yake. Mwandikie inavyostahili: namba iliyobandikwa chini ya kifaa, toleo la programu, joto la maji, na faili ghafi ya kipimo, si picha ya skrini. “Mashine haifanyi kazi” haimsaidii mtu yeyote. Jiandikishe pia upate taarifa zao, hasa kama umerithi kifaa kutoka mradi uliokwisha. Wengine husoma tu habari za modeli mpya ambazo idara haitazinunua. Wewe tafuta mistari midogo: modeli gani haitatengenezewa vipuri tena, programu ipi haitafunguka kwenye Windows mpya. Ukiona modeli yako imetajwa, agiza tando na pete za mpira za miaka kadhaa mwaka huo huo, kwa oda moja na maabara jirani, kwa sababu usafirishaji wa kijipakiti kimoja unaweza kuzidi bei ya kilichomo. Kompyuta ya zamani inayoendesha kifaa hicho usikubali wasimamizi wa ofisi waiondoe. Ibandike karatasi yenye jina lako.