Maswali ya Wasomaji: Makumbusho, Darasa na Meza ya Majaribio

Ndugu Mhariri, kila mwezi naenda makumbusho. Nazunguka vyumba vyote, napiga picha nyingi kwa simu, na zote zinaishia humo humo kwenye simu. Nifanyeje ili ziara iingie kwenye kazi yangu? — Mchoraji

Punguza, ndugu msomaji. Chagua kazi tatu, na kabla hujatoka nyumbani andika swali moja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Swali liwe la mkono, si la falsafa. Kwa mfano: buluu hii imewekwaje kwenye karatasi?

Ukiwa na swali hilo, simama mbele ya chapa ya Wimbi Kubwa ya Hokusai, msanii wa Kijapani, iliyochapwa kwa vibao vya mbao mnamo 1831 hivi. Ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, kama sentimita 25 kwa 37. Nakala zake zipo sehemu nyingi, zikiwemo British Museum ya London na Metropolitan Museum of Art ya New York. Tazama anga iliyo nyuma ya mlima Fuji: giza linapungua polepole kuelekea juu. Mpito huo hautokani na kuchonga. Mchapaji hupunguza rangi juu ya kibao kwa mkono kabla ya kulaza karatasi, ndiyo maana nakala mbili hazilingani. Kisha angalia mistari ya kisanduku cha maandishi upande wa kushoto. Kwenye nakala za mwanzo mistari ni mizima, na kwenye za baadaye imekatika kwa sababu kibao kilikuwa kimechakaa. Ukiona hayo umeshapata mambo mawili ya kujaribu mezani.

Kila kazi ipe dakika 20. Dakika 5 za kwanza penseli ikae mfukoni. Dakika 10 zinazofuata weka uwiano wa jumla, tia alama sehemu tatu zenye giza kuliko zote, na andika kwa mishale rangi ipi imelala juu ya ipi. Halafu sogea pembeni, geuka, uchore kwa kumbukumbu. Rudi ulinganishe. Ulichokisahau ndicho ambacho jicho lilipita bila kukiona, na hapo ndipo penye faida kubwa ya ziara nzima.

Chukua penseli za 2B zilizochongwa tayari, kwani kalamu za wino, mkaa na rangi za maji hukatazwa mahali pengi. Uliza mapokezi kuhusu ukubwa wa daftari. Ukipiga picha, zima flashi, anza na kibandiko cha maelezo, kisha kazi nzima, kisha sehemu moja kwa karibu. Picha tatu kwa kila kazi zinatosha.

Vyumba vya kazi za karatasi huwa na mwanga hafifu, kwa kawaida karibu lukisi 50 (lukisi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu mwanga hufifisha rangi. Yape macho dakika chache yazoee kabla ya kuhukumu rangi yoyote. Kwa sababu hiyo hiyo kazi hizo hazikai ukutani mwaka mzima, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba ipo. Kama haipo, makumbusho mengi makubwa yana chumba cha kusomea ambamo hukutolea kazi kwa miadi. Unachohitaji ni namba ya kumbukumbu ya kazi yenyewe.

Nimeanza kujaribu sayanotaipu, ile chapa ya buluu ya juani: karatasi iliyopakwa kemikali huwekewa kitu juu yake, hukandamizwa kwa kioo, huachwa juani, kisha huoshwa. Picha inaonekana nzuri, lakini nikiiosha buluu yote inaondoka na maji. Nyingine zinabaki na ukungu wa buluu mahali palipotakiwa kuwa peupe. Nakosea wapi?

Hizo ni kasoro mbili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Tuanze na kipimo ili tujue tunazungumzia kitu kimoja. Njia hii iligunduliwa na mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, na kipimo cha kawaida hadi leo ni chepesi. Chupa ya kwanza: gramu 25 za feriki amonia sitrati ya kijani ndani ya mililita 100 za maji. Chupa ya pili: gramu 10 za potasiamu ferisianidi ndani ya mililita 100. Tumia maji yasiyo na chumvi, na chupa za rangi ya kahawia. Changanya sehemu sawa kwa sawa, kiasi cha kutumia siku hiyo tu. Karatasi ya A4 hunywa mililita 2 hadi 3.

Buluu kuondoka na maji, mara nyingi ni kutoa karatasi juani mapema mno. Unaona buluu, unafurahi, unaiosha. Subiri! Sehemu zilizo wazi lazima zipite buluu na kugeuka kijivu chenye mng'ao kama wa shaba. Ionekane kama imeharibika, kwa sababu maji yatapunguza sana. Pima kwa ukanda wa majaribio: funika karatasi kwa kadi, uisogeze ili sehemu zipate dakika 2, 4, 8 na 16. Osha, kausha, kisha chagua. Kama hata dakika 16 hazishiki, chunguza kioo unachokandamizia. Kioo cha kawaida kinafaa, lakini kile cha fremu kinachozuia mionzi ya urujuanimno huzuia hasa mionzi unayoihitaji.

Sababu ya pili ni karatasi. Yenye kung'aa hainywi, kemikali hubaki juu na kusombwa. Yenye chokaa ndani, kama zile zinazotengenezwa zidumu kwenye hifadhi za nyaraka, huua buluu kwa sababu buluu hii haipatani na alkali. Ndiyo maana usioshe kwa sabuni kamwe. Kama maji yako ni magumu, kijiko kimoja cha siki nyeupe kwa lita ya maji ya kwanza husaidia. Lakini asidi kali isikaribie potasiamu ferisianidi, kwani hutoa gesi ya sumu. Vaa glavu, na vyombo vyake visirudi jikoni.

Ukungu wa buluu kwenye weupe hutokana na karatasi iliyoona mwanga wakati wa kupaka, iliyokaushwa kwa joto kali, au iliyokaa siku nyingi baada ya kupakwa. Paka chini ya taa hafifu ya manjano, kausha gizani, tumia ndani ya siku moja. Majani mabichi nayo huacha madoa, kwa hiyo yakandamize kitabuni siku mbili kwanza. Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alichapa mwani kwa njia hii kuanzia 1843, na ukali wa kingo zake unaonyesha faida ya mmea uliokauka na kulala bapa.

Nina darasa la sayanotaipu la wanafunzi 20, kwa muda wa saa mbili. Nusu wanamaliza mapema, na kazi zote zinafanana na mfano wangu.

Mfano uliokamilika usiuonyeshe. Onyesha kanda tatu za majaribio: iliyotoka mapema, iliyozidi na iliyo sawa. Wataelewa namna kitu kinavyofanya kazi bila kupewa cha kunakili.

Karatasi zipake mwenyewe jioni ya kuamkia darasa na uzifunge kwenye plastiki nyeusi. Karatasi 40 za A5 zinahitaji kama mililita 60. Tengeneza 80. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli. Dakika 30 za kwanza wapange vitu kwenye karatasi ya kawaida ya ukubwa ule ule, kwa sababu anayepanga juu ya karatasi iliyopakwa anaiunguza huku akifikiri. Wagawe makundi mawili: 10 wanatoka kwenda juani, 10 wanachora kwa kumbukumbu kitu ulichochora makumbusho na kuwaonyesha kwa dakika moja tu. Kisha wabadilishane. Hakuna anayekaa bure.

Weka beseni tatu. La kwanza libadilishwe maji yakishakuwa manjano, maana uchafu huo hurudi kwenye weupe. La tatu tia kijiko kimoja cha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa lita. Buluu inakolea papo hapo, na watoto hupenda kuishuhudia. Bila hiyo itakolea yenyewe kwa siku moja hivi.

Majaribio yangu ni mengi lakini siwezi kurudia lililofanikiwa.

Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio: karatasi, au muda, au kipimo. Nyuma ya karatasi, kabla ya kupaka, andika kwa penseli aina ya karatasi, tarehe ya mchanganyiko, saa na hali ya jua. Usitupe zilizofeli. Zihifadhi gizani, ndani ya bahasha isiyo na alkali. Sayanotaipu iliyofifia kwa kukaa kwenye mwanga mkali hurudisha sehemu ya buluu yake ikipumzishwa gizani, kwa hiyo usiihukumu siku ile ile uliyoishusha ukutani.