Simu za Kate Walker

SWALI: Dada, shikamoo. Mwaka 2005, nikiwa kidato cha pili hapa Tanga, kaka yangu alileta nyumbani CD za Syberia, lile gemu la kompyuta la mafumbo. Yeye alishika mausi, mimi nikashika daftari la kuchorea ramani na kuandika namba. Tulicheza usiku tu, maana mchana kompyuta ilikuwa ya baba, na ilituchukua wiki tatu kulimaliza. Helena, yule mwimbaji mzee wa opera, alipoimba na ile glasi ikapasuka, tulipiga kelele hadi baba akaamka. Mwezi uliopita nimelinunua gemu lilelile nikaanza upya peke yangu. Hata saa moja haikuisha, nikachoka. Mafumbo nayakumbuka, Kate, yule mhusika unayemwendesha, anatembea taratibu, na sehemu nyingine unapita tu hakuna cha kufanya. Nikazima. Sasa najuta, naona kama nimeichafua kumbukumbu ile. Gemu limechakaa, au ni mimi? Kaka yuko Muscat na sijamwambia. – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu gemu hilo nalipenda kuliko mengine yote niliyowahi kucheza.

Nililicheza mara ya kwanza mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya kutoka, nikiwa chuoni Dar es Salaam. Mara ya pili ilikuwa 2021, baada ya kusikia kwamba Benoît Sokal, yule mchoraji wa katuni wa Ubelgiji aliyelibuni, amefariki mwezi Mei. Na mimi nilianza kama wewe. Nilikwenda mbio kiwandani Valadilène, kijiji linapoanzia gemu, kumtengenezea miguu Oscar, yule mtu wa chuma anayeendesha treni, nikakimbilia tiketi, nikaitia treni ufunguo kama saa. Vidole vilikumbuka kila kitu, na moyo haukuwepo.

Kilichonirudisha ni simu.

Unakumbuka Kate ana simu ya mkononi? Ni wakili kijana wa New York aliyetumwa kwenye kijiji cha milimani Ufaransa ili kiwanda cha Voralberg kiuzwe, basi, kisha arudi. Anafika na kukuta Anna, mwenye kiwanda, ndiyo kwanza anazikwa, na kwamba kuna mdogo wake, Hans, ambaye yu hai huko mashariki akitafuta mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya. Hapo safari inaanza. Na njiani kote simu inalia: bosi wake Marson anataka sahihi, Dan mchumba wake analalamika, Olivia rafiki yake ana umbea, mama yake ana maneno mengi yasiyo na haraka.

Mwaka 2003 simu zile nilizibofya ziishe. Zilinichelewesha, nilitaka mashine. Nina hakika na ninyi mlifanya hivyo, na daftari lako halina hata mstari mmoja juu yake.

Mwaka 2021 nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja kwenye ofisi ya bima. Mama yangu alikuwa akinipigia kutoka Moshi saa za kazi, kunieleza habari za jirani, za ng'ombe, za kwaya, nami nikimjibu, "Mama, nitakupigia jioni." Alifariki 2016. Basi mama yake Kate alipopiga, akaanza kuzungumza mambo yake, niliachia mausi nikakaa kimya hadi alipomaliza. Nikasikiliza kila simu iliyofuata. Ndipo nilipoona kwamba hadithi yenyewe ilikuwa humo. Treni na wale watu wa chuma walinionyesha anakokwenda Kate, lakini zile simu ndizo zilizonionyesha anachokiacha, kidogo kidogo, mpaka Olivia anapokiri yaliyotokea kati yake na Dan. (Ambaye hajacheza anisamehe, gemu lina zaidi ya miaka ishirini.) Mwishoni, Hans ameshatia sahihi, kazi imekwisha, ndege inamsubiri, naye anaikimbilia treni. Nilipokuwa chuoni niliona ni ujasiri tu. Safari hii nilijua anakimbia nini.

Kwa hiyo sikubali kwamba limechakaa. Kutembea kule kunachosha kweli, hasa Barrockstadt, pale chuo kikuu, na kulikuwa kunachosha tangu zamani, ila wewe ulikuwa na kaka wa kupiga naye soga njiani. Nadhani hicho ndicho ulichokikosa ndani ya saa ile moja.

Mpigie. Muscat wametutangulia saa moja tu, saa tatu yako ya usiku kwake ni saa nne. Mwonyeshe skrini yako kupitia simu ya video. Safari hii mausi ishike wewe, daftari awe nalo yeye. Anzeni upya kabisa, msiendelee pale ulipolizima. Mkikwama zaidi ya nusu saa, tazameni majibu bila aibu, mafumbo mlishayashinda tangu 2005. Lakini simu ya Kate ikilia, msibofye, hata ya Marson. Na kama skrini yako ni pana na picha ina kingo nyeusi pembeni, iache hivyo. Ilichorwa kwa skrini za enzi zile, ukiivuta ijae, nyuso zinatanuka na kazi ya Sokal inaharibika.

Mkifika Aralbad, Helena akishakunywa kinywaji chake na kuanza kuimba, usimkumbushe kaka yako kinachokuja. Ongeza sauti, umwache aisikie ile glasi.